Ndoo ya Gubinge Chini ya Tangi

28 Desemba
Nimefika nyumbani na daftari hili la maabara, lenye karatasi zisizolowa maji. Profesa wangu wa chuoni alinipa niandike uzito wa matunda, siku yaliyochumwa na mti yalikotoka. Najua kabla sijaanza kwamba nitaandika na mengine. Mdomo wangu mimi Imelda haujui kufunga, na huku rasini, kaskazini ya mji wa Broome, mvua zikianza hakuna wa kumwambia mtu mambo yake ila vyura.

Nyumbani ni kama nilivyopaacha. Bibi Agatha, aliyemzaa mama yangu, anakaa nyumba ya bati karibu na pwani. Baba yangu Cyprian, mhudumu wa zahanati yetu, anakaa nyumba ya pili, hatua sitini kutoka hapo. Katikati kuna tangi la maji juu ya mnara wa vyuma. Miaka ishirini na sita wawili hawa hawajazungumza wala kutazamana, na si kwa ugomvi bali kwa heshima. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapandi gari moja, hawatajani majina. Hata Mama alipofariki, miaka sita iliyopita, sheria hiyo haikulegea.

Kila Ijumaa Baba hutundika samaki kwenye msumari chini ya tangi, kisha huenda zake. Bibi huja kumchukua. Msimu wa gubinge, tunda la porini la kwetu, ukifika, Bibi huacha pale pale ndoo nyeupe iliyojaa matunda mpaka ukingoni, naye Baba huja kuichukua. Kukiwa na maneno, mbebaji ni mimi.

2 Januari
Joto. Gubinge bado ngumu kama kokoto. Bibi anasema mti hausukumwi.

6 Januari
Tumeanza kuchuma! Shangazi Yvonne, dada yake Baba, ndiye kiranja wa wachumaji na sauti yake inafika Indonesia.

"Nyie! Tawi halipigwi fimbo! Guseni kwa kidole. La kijani liacheni, lililoanguka liacheni, la juu kabisa ni la ndege. Na wewe, daktari, hilo nalo utaliandika?"

"Nitaandika kwamba Shangazi anapiga kelele."

"Andika kwa wino mwekundu!"

Nikatia tunda la kwanza mdomoni. Dogo, rangi ya nyasi iliyoanza kukauka, nyama kidogo na kokwa kubwa. Uchachu ukanifumba jicho, kisha ukakasi ukanishika ulimi na mashavu, nikajua nimefika kwetu. Katika kile kinyama chembamba mna vitamini C kulishinda chungwa mara nyingi mno. Nimelipima kwa mkono wangu, na bado kila nikilipima nahisi mashine imekosea.

Wakati wa chai Bibi akanikalia karibu, na mbwa wake Dizeli miguuni.

"Haya niambie, huko mjini mnayafanyia nini matunda yetu?"

"Tunayasaga, Bibi, tunatoa maji yake. Halafu tunazidondoshea seli za saratani ya utumbo. Ziko kwenye kisahani, zinakula, zinazaana."

"Saratani mnaifuga?"

"Tunaifuga."

"Watu mna kazi! Haya, mkishazidondoshea?"

"Siku ya tatu nikachungulia kwenye hadubini. Nusu zilikuwa zimekufa. Bibi, mwili ulinisisimka. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi."

"Nusu?"

"Nusu."

"Kwa gubinge hii?"

"Hii hii, ya mti wako."

Aligeuza tunda kiganjani, akalitazama kwa muda mrefu. "Na uliona kwa macho yako?" Nikasema niliona kwa macho yangu. Shangazi akaniita nibebe ndoo, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikuwa na fahari siku nzima.

9 Januari
Mvua. Vyura. Kilo arobaini.

14 Januari
Bibi anakula gubinge kuwashinda ndege. Konzi moja asubuhi, moja mchana, moja kabla ya kulala. Ananiambia, "Dawa yako kali, mwalimu." Nacheka.

Leo nilikaa peke yangu chini ya mti wake. Huu mti haukutengeneza ukakasi kwa ajili yetu. Jua la huku linaunguza hata bati, wadudu hawana idadi, na mti hauna miguu ya kukimbilia. Basi ukajipikia ulinzi wake wenyewe ndani ya ganda na nyama. Sisi tukija tukala, ulinzi ule unaingia matumboni mwetu, na huko kuna vijidudu vinavyouvunjavunja na kuunda kitu kingine kabisa, ambacho maabara za dunia nzima zinakichunguza kuona kama kinasaidia kuizuia saratani isianze. Na si kila tumbo lina vijidudu hivyo! Nani aliwakutanisha mti, kijidudu na mtu? Nimesoma miaka minne na sijui. Nilibaki mdomo wazi mpaka mbu akaingia.

17 Januari, Ijumaa
Baba amenisimamisha nje ya zahanati.

"Mzee wako anakula?"

"Anakula sana tu."

"Anakula nini?"

"Gubinge."

"Mkizi niliyetundika wiki iliyopita, alimla nani?"

Nilikasirika. Niliona ni mtu wa kufuatilia shukrani, anayetaka kujua samaki wake amekwenda wapi. Baba ni mtu mkavu. Kwenye mazishi ya Mama alipanga viti. Nikamjibu, "Samaki ukishampa mtu ni wake." Akaingia ndani kuhesabu bandeji zake.

20 Januari
Shangazi amemtazama Dizeli akauliza, "Huyu mbwa ana mimba?"

"Ni dume, Shangazi."

"Basi kapata tajiri."

24 Januari, Ijumaa
Mvua tangu alfajiri, ya upole. Redio inasema kuna kimbunga kinajikusanya baharini, mbali bado.

Baba amekuja nyumbani kwa Shangazi ninakolala, na ndoo mkononi. Ilikuwa imepungua. Kutoka ukingoni mpaka kwenye matunda, vidole vinne.

"Anachuma mwenyewe mengine ya kula," nikasema. "Si nilikwambia anakula sana?"

Akaweka ndoo mezani taratibu. "Imelda. Miaka ishirini na sita ndoo hii haijapungua hata kidole. Mwaka ule tulipomzika yule aliyetutoka, wiki ile ile, ndoo ilikuja imejaa. Samaki wangu haliwi, ndoo haijai, mbwa ananenepa. Mimi siwezi kwenda kumwona. Nenda wewe. Usimsikilize anachosema, mtazame."

Sikuwahi kumsikia Baba akisema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Kumbe msumari ule ndio dirisha lake. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akimsoma Bibi kwa samaki na ndoo kama anavyosoma karatasi za wagonjwa, na mimi nikamwita mkavu.

25 Januari
Nimekwenda. Nimemtazama.

Gauni limemlegea mabegani. Nilipomwambia nimtoe kibanzi jichoni, nikavuta kope la chini, ndani palikuwa peupe, pasipo damu. Alipoinuka kuleta chai alishika meza, akasimama kidogo, kisha akaendelea kana kwamba alikuwa anafikiri tu. Ndani ya mfuko wa plastiki kulikuwa na mkizi wa jana, mzima, akisubiri mbwa.

Nikatafuta sindano nishone kifungo. Akasema, "Angalia kwenye kile kisanduku." Ndani mna ndoana, nyuzi na vyuma vya kuzamishia mshipi. Nje kuna maandishi ya serikali. Nilikijua. Ni kile kipimo cha saratani ya utumbo wanachotumiwa watu wazima, unachukua choo kidogo kwa kijiti, unafunga, unapeleka. Miaka mitatu iliyopita Baba alinipa mimi nimpelekee, kwa kuwa yeye hawezi. Nikakiweka mezani hapa, nikasema "Bibi, hiki chako," nikakimbilia basi la Broome. Sikuuliza tena.

"Bibi, hiki hukukitumia."

"Nimekitumia. Kinafunga vizuri, chumvi haiingii."

"Bibi."

"Ebo! Nipeleke choo changu kwa mkwe wangu? Akifungue, akitazame? Hata wewe una akili?"

"Hafungui yeye, kinapelekwa mjini."

"Anajua mna nini ndani, si ndiyo?"

Nikapiga magoti mbele yake nikauliza, chini kwa chini, kama anaona damu chooni. Mvua ilikuwa inagonga bati.

"Tangu wakati wa baridi," akasema. Hiyo ni miezi sita. Kisha akatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililoniua. "Lakini wewe usihofu. Mwanzoni niliogopa. Ulipokuja ukanieleza, nikapata nguvu. Siku ya tatu nusu zinakufa, ulisema. Mimi nakula wiki ya tatu sasa. Zimebaki chache."

Mungu wangu. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimpa nusu ya habari, ile nusu tamu. Sikumwambia kwamba kwenye kisahani hamna tumbo, hamna damu, hamna ini. Sikumwambia kwamba hata siki ukiidondosha kwenye kisahani kile itaua. Sikumwambia kwamba anayekula matunda maisha yake yote anajipunguzia hatari kidogo, hajinunulii ahadi, na kwamba uvimbe ukishaota hakuna aliyethibitisha kuwa tunda linauondoa. Nikamwambia sasa, yote, nikilia. Alinifuta machozi kwa kitambaa chake cha jikoni.

"Basi usimwambie yule mtu wa zahanati," akasema. "Aibu hiyo sitaiweza. Niahidi."

Sikuahidi. Nilimkumbatia ili asione kwamba sikuahidi.

26 Januari
Nimemwambia Baba. Niliona bora Bibi anichukie akiwa hai.

Hakunigombeza. Nilipofika kwenye kisahani na zile seli nilidhani atanigombeza, akasema tu, "Tunda ni ua wa nyumba. Unaujenga mapema, unautunza, wezi wengi wanapita mbali. Mwizi akishaingia chumbani, huendi kuongeza miiba uani. Unaita watu." Kisha akashika simu akawaita watu. Nesi wetu yuko Broome kwa mkutano. Hospitali ya huko imekubali Bibi aende Jumatano, Shangazi ataendesha.

27 Januari
Nilimpa Bibi ule mfano wa ua wa nyumba, akakubali kwenda. Amekasirika vilevile. Hasemi nami, anapitishia maneno kwa Shangazi huku nimekaa mbele yake. "Yvonne, mwambie huyo daktari anipishe mlango." Sasa na mimi nimekuwa mkwe.

28 Januari
Mvua imemwagika usiku na mchana. Barabara ni mto mwekundu. Imefungwa. Kimbunga kimegeuka kinakuja upande wetu.

29 Januari
Jumatano. Hakuna aliyekwenda popote.

30 Januari
Upepo. Gubinge zinadondoka zenyewe, na sisi tunazitazama dirishani.

31 Januari, Ijumaa
Naandika usiku, nguo bado zina tope.

Kimbunga kilipita mbali kidogo alfajiri, kikatuachia mawingu mazito. Adhuhuri upepo ulitulia. Nilikuwa ndani ya banda la friji, nikipanga mifuko, nikasikia Baba anaita jina langu. Baba hapazi sauti. Nilitoka mbio bila viatu.

Bibi alikuwa amelala chini ya tangi, kwenye tope, na ndoo imepinduka kando yake. Matunda yametapakaa kila mahali. Mgonjwa huyu, katika hali hii, alikuwa ameokota gubinge zilizodondoshwa na upepo ajaze ndoo ya Ijumaa, yeye aliyetufundisha kwamba la chini haliokotwi! Na Baba alisimama hatua kumi kutoka pale, samaki mkononi, amempa mgongo. Hakukimbia na hakusogea. Shingo yake ilikuwa imejaa mishipa.

"Anapumua?" akauliza.

"Anapumua!"

"Mwambie asijiinue. Mtazame nguo. Kuna damu?"

Ilikuwepo, nyingi. Bibi alifumbua macho, akamwona yule mgongo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kujifunika uso kwa mikono.

"Mwambie aondoke," akanong'ona.

"Mwambie siondoki," akasema Baba. Walikuwa wanasikiana vizuri, na mimi katikati nageuza shingo huku na huku kama kuku.

"Mwambie ni aibu!"

"Mwambie najua ni aibu. Nimeibeba."

Shangazi akaja na machela. Tulimbeba sisi wawili mpaka barazani kwake. Baba alikuwa ameshazungumza na madaktari wanaofuata wagonjwa kwa ndege. Wanaruka, wanahitaji saa moja na robo, lakini lazima mgonjwa awekewe dripu sasa hivi, damu inamwisha. Nesi hayupo. Mwenye kujua kutia sindano ndani ya mshipa, rasi nzima siku ile, alikuwa mtu mmoja.

Tukatundika shuka barazani kutoka nguzo hadi nguzo. Bibi upande huu, Baba upande ule. Nikamwambia Bibi kinachotakiwa. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nilidhani atakataa, na nikaanza kulia.

"Nyamaza," akaniambia, mara ya kwanza tangu Jumatatu kusema nami mwenyewe. "Mkono hauna macho."

Akautoa mkono wake nje ya shuka.

Nilichungulia upande wa pili. Baba alipiga magoti mbele ya mkono ule mwembamba, wenye makovu ya ndoana na madoa ya uzee, akautazama kama mtu aliyeingia kanisani. Miaka ishirini na sita amekula kilichochumwa na mkono huo, ndio kwanza anauona kwa karibu. Alivaa glavu. Sindano iliingia mara ya kwanza.

Kisha Shangazi akanivuta twende kiwanja cha ndege tukaangalie kama maji yamesimama na kufukuza kangaruu. Nilisita kuwaacha wawili bila mbebaji wa maneno. Baba akasema, "Nenda. Dizeli yupo."

Nilidhani ni mzaha. Tulirudi baada ya nusu saa, kiwanja kinafaa, nikapita nyuma ya nyumba kuchukua blanketi, na hapo nikasikia.

"Dizeli," Baba alikuwa anasema, polepole, "maumivu yako upande gani?"

"Dizeli, mwambie kushoto, chini."

"Dizeli, asilale. Azungumze. Azungumze chochote."

Mbwa alipiga mkia sakafuni, tap, tap.

"Dizeli," sauti ya Bibi ilikuwa ndogo, "mwambie samaki wake sikumpa mbwa kwa dharau. Chakula kilikuwa hakipiti."

"Dizeli, hilo nalijua."

"Mwambie nilimpa binti yangu, sijajuta siku hata moja. Nilitaka ajue hilo, na sikuwa na wa kumtuma. Huyu mtoto mdomo wake mpana."

Nilichungulia pembeni ya ukuta. Alikuwa amekaa ameegemea nguzo, mgongo kwenye shuka, mfuko wa dripu ameuinua kwa mkono mmoja juu ya kichwa chake, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni wala hayafuti, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa Bibi akihesabu mapigo. Nilirudi nyuma kimyakimya. Sijawahi kuona kitu kama hicho, kwenye hadubini wala nje yake.

Ndege ilitua saa nane. Bibi alifunikwa shuka mpaka juu ya kichwa ili Baba aweze kushika machela, naye akashika upande wa miguuni. Rubani alidhani tunakuja na maiti, akavua kofia. Shuka likasema, "Huyo mwambie avae kofia, sijafa."

1 Februari
Hakuna nafasi ya msindikizaji ndegeni, na barabara bado imefungwa. Nafagia gubinge chini ya tangi.

3 Februari
Wamempeleka Perth. Kesho wanampasua.

4 Februari
Kutwa nzima simu haikulia. Baba alikaa chini ya tangi anakwangua magamba ya samaki ambaye hana wa kumpa. Nilikaa naye. Nikamwomba msamaha kwa yale ya mkizi, akasema, "Yepi?"

Jioni daktari akapiga. Ametoka salama. Uvimbe ulikuwa umekaribia kuziba utumbo. Wameukata wote wanaouona, ini halionyeshi kitu. Baba alisema "asante" mara nne. Kisha akaenda baharini kuoga na nguo zake zote.

12 Februari
Bibi amepiga simu. Kwa Shangazi, si kwangu. Nilisikia kila neno kwa sababu sauti yake imerudi.

"Yvonne! Kile kisanduku chako cha serikali umeweka nini?"

"Mbegu za mboga."

"Toa mbegu! Na jirani yako Noreen anaweka vifungo, na Bernadette amekitia chini ya mguu wa kitanda, nimekiona. Wote mvitoe. Daktari ameniambia ningekitumia changu mwaka ule, pengine wangekuta kitu kidogo kama kokwa ya gubinge wakakitoa bila hata kunipasua tumbo. Kokwa, Yvonne!"

"Na aibu je, ya kumpelekea kaka yangu?"

"Wewe ni dada yake, una aibu gani? Wengine watie kwenye kasha la barafu, waliache chini ya tangi. Tangi halina macho."

Kisha akasema, "Huyo daktari yupo hapo? Mwambie nakula gubinge bado, za kwenye friji amenitumia nesi. Tunda ni ua wa nyumba. Nimelifikiria mwenyewe hilo, hapa kitandani."

Baba, aliyekuwa dirishani, akaniwekea kidole mdomoni nisiseme.

20 Februari
Chini ya tangi asubuhi, kasha la barafu. Ndani, bahasha saba za kipimo zimefungwa vizuri. Baba amezibeba kwa mikono miwili.

2 Machi
Gubinge za mwisho. Nimemwandikia profesa kwamba mwaka huu, tukirudisha majibu kwa watu wa rasi, nitakuja mwenyewe, na nitaanza na yale tusiyoyajua. Hilo halikupunguza hata kidogo mshangao wangu. Bado nikikata tunda katikati najiona mdogo. Ila sasa najua mshangao nao una kazi ya kufanya, kusema ukweli wote.

13 Machi
Bibi amerudi! Amekonda, ana kovu refu ambalo ameshawaonyesha wanawake wote. Kuna dawa za miezi kadhaa mbele yake, na vipimo. Baba aliondoka kiwanjani kabla ndege haijafungua mlango, kama inavyotakiwa. Dizeli alilia kama mtoto.

14 Machi, Ijumaa
Baba amerudi kutoka baharini saa nne na pono mkubwa, wa kushiba watu watatu. Amemtundika kwenye msumari, akaenda zake bila kugeuka. Bibi alikwenda kumchukua mwenyewe, akipumzika mara mbili njiani, akanikataza kumshika mkono. Alimkaanga. Alinifukuza nisimwangalie akila.

15 Machi
Nimeamka nikamkuta Baba amesimama chini ya tangi, peke yake. Kwenye msumari kulikuwa na mfuko wa plastiki uliooshwa. Bibi hurudisha mfuko kila mara, lakini leo haukuwa mtupu. Ndani mlikuwa na mifupa ya pono, yote, kichwa na mkia, imesafishwa mpaka inang'aa.

Baba aliitazama mwiba mmoja mmoja. Kutoka barazani, bila kumtazama yeyote, Bibi akapaza sauti.

"Dizeli! Mwambie yule pono alikuwa mdogo!"

Mbwa aliinua sikio moja. Baba aligeukia bahari, mabega yanamtikisika, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama nikamsikia anacheka. Kisha akachukua mshipi wake, ingawa leo si Ijumaa.